Chupa Iliyowekwa ya Mwisho

Jioni moja hapa Shieywe, Kakamega, nilimkuta binamu yangu amezipanga dawa za senge, yaani shangazi, juu ya meza ya chai: karatasi tatu za panadol, diclofenac, kapsuli za tramadol, na chupa moja ya plastiki ambayo kifuniko chake hakijaguswa. "Hiyo tunaiweka ya mwisho," akasema. "Daktari alituambia ni mofini."

Kila jioni alikuwa akituma boda mjini kuongeza tramadol, na senge hakuwa akilala.

Bei za madukani hubadilika mtaa hadi mtaa, kwa hiyo mimi sinunui dawa kwa kuuliza bei ya karatasi. Nauliza bei ya siku nzima. Kapsuli ya tramadol ya miligramu 50 inaonekana rahisi, lakini mtu mzima huweza kufika miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli nane. Tuseme duka lako linauza moja kwa shilingi 10: hizo ni 80 kwa siku, 2,400 kwa mwezi, kabla hujamlipa wa boda. Na hapo kwenye nane ndipo inapogota, maana ukizidisha unaleta degedege wala hupunguzi maumivu.

Panadol nayo ina mpaka wake: vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku, ukihesabu na ile iliyojificha ndani ya dawa za mafua. Diclofenac na ibuprofen husaidia sana mfupa unapouma, ila ukizitumia wiki baada ya wiki, tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Sasa ichukue ile chupa. Mofini ya kunywa huchanganywa na mfamasia wa hospitali kutoka kwenye unga. Mara nyingi wagonjwa huanzia miligramu 5 kila baada ya saa nne. Ikiwa kila mililita ina miligramu moja, hicho ni kijiko cha mililita 5: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha viwili saa nne usiku ili mgonjwa asiamshwe. Jumla ni mililita 30, na chupa ya nusu lita inafika siku kumi na sita. Kiwango ni cha daktari kupanga, na lebo isomwe kila mara, kwa sababu ziko chupa zenye nguvu mara kumi. Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa bei uliyotajiwa, uilinganishe na ile 80 ya tramadol.

Waganda walilimaliza jambo hili mapema. Tangu Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa dawa ya nyumbani kule, serikali huitoa bure, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Huku kwetu jina lake bado linatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Usingizi wa siku za mwanzo hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo ukipewa mofini bila dawa ya kulainisha choo, rudi dirishani uidai.

Mahali pa kuanzia ni hospitali kuu ya kaunti hapa mjini, kwa watu wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu ya wagonjwa. Kabla ya kutoka nyumbani, hakikisha SHA, bima ya afya ya serikali, imelipwa. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, angalau 3,600. Uliza pia, kabla ya kupanga foleni, ni dawa zipi inazolipia na zipi utatoa mfukoni.

Mgonjwa akiambiwa aende Eldoret kupigwa mionzi kwa maumivu ya mfupa yaliyoletwa na saratani, uliza swali moja: mara ngapi? Utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba dozi moja ya grei 8 hutuliza maumivu sawa na safari kumi. Baadhi hulazimika kurudia baadaye, kweli. Lakini nauli ya mtu na msindikizaji wake mara kumi, na mgonjwa anarushwarushwa kwenye matatu, si gharama ndogo.

Kidonda cha senge kilikuwa kinanuka, na majirani walikuwa wakisalimia wakiwa mlangoni. Muuguzi alituonyesha kusaga kidonge cha metronidazole hadi kiwe unga laini na kuunyunyiza juu ya kidonda kilichosafishwa. Siku chache baadaye mama wa nyumba ya pili aliingia, akavuta kigoda mpaka kando ya kitanda.

Ile chupa sasa imefunguliwa, na binamu amechora mstari kwa kalamu kwenye robo ya chini. Mofini haikatizwi ghafla, na hospitali nayo huishiwa. Ikifika pale kwenye mstari anakwenda kuchukua nyingine, na hangojei Ijumaa.