Heda ni Hesabu, Kelele ni Chenji

Ukiishi Roysambu ama Githurai hauhitaji kalenda kujua Furahiday imefika. Saa nne usiku Thika Road inaanza kuongea. Probox inapita, hakuna msee anainua kichwa. Nganya inapita na ngoma yake, sawa, tumezoea. Alafu inakuja ile ndai ya kubururuka chini chini, bububu-bububu, na mtoi wa nasari aliye kwa balkoni anasema "Subaru!" kabla hata taa hazijaonekana. Hiyo sauti imekuwa kitambulisho. Kuna wasee walinunua hiyo gari juu ya mlio, siti na rangi wakaziona baadaye.

Sasa uliza mbogi pale base huo mlio unatoka wapi. Mmoja atasema tabo. Mwingine atasema ni mafla. Mjuaji wa base atasema "ni injini ya boksa, buda," alafu anyamaze kama amemaliza. Hajamaliza. Mlio unatoka kwa bomba nne ziko chini ya injini, na unatoka juu hizo bomba hazitoshani.

Hizo bomba ndio heda. Na kuna mafundi hapa Nai wanaziunda kwa mkono, moja moja, na hawajulikani na mtu.

Dere, dere, abiria, abiria

Chukua EJ20, injini ya lita mbili iko kwa Impreza, Legacy na Forester mob sana za hapa mtaani. Silinda ni nne na zimelala: namba 1 na 3 ziko upande wa dere, 2 na 4 upande wa abiria. Zinalipuka kwa oda ya 1-3-2-4. Isome polepole: dere, dere, abiria, abiria.

Tabo nayo imekaa upande wa dere. So moshi wa 1 na 3 una njia fupi, unafika chapchap. Moshi wa 2 na 4 lazima upite chini ya injini uvuke mpaka ng'ambo. Milipuko yenyewe inatokea kwa mpango, moja kila nusu mzunguko wa kranki, lakini moshi unafika kwa tabo umejibana kwa makundi. Huko kujibana ndio ngurumo. Ile kitu wasee wanaabudu ilikuja juu bomba zilipitishwa pale kulikuwa na nafasi.

Na Subaru wenyewe wanajua. Legacy ya tabo iliyotoka Japani 2003 ilikuja na tabo ya njia mbili na heda ya urefu sawa: 1 imeungwa na 2, 3 imeungwa na 4, kila njia inapata pumzi yake kwa zamu. Tabo ikaanza kuamka mapema, gari ikashika bila kungoja. Na bububu ikahepa. Mpaka leo utapata msee ako na hiyo Legacy anasaka heda ya urefu tofauti ndio ngurumo irudi. Yaani analipa doo ndio gari irudi nyuma.

Hapo ndipo stori ya heda inagawanya watu. Unataka ngurumo ama unataka nguvu? Kwa EJ ya tabo, ukivuta moja unaachilia nyingine kidogo.

Wimbi linarudi

Toka kwa Subaru kidogo, twende kwa Honda na Toyota zenye hazina tabo, juu huko ndiko hesabu ya urefu inalipa zaidi.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Kila silinda inatema moshi mara 50 hiyo sekunde, zote nne mara 200. Valvu ikifunguka, wimbi la presha linachomoka kwa bomba. Moshi ukiwa moto wimbi linapita zaidi ya mita 500 kwa sekunde, mbio kuliko sauti kwa hewa ya kawaida. Likifika kwa kolekta, pale bomba zinakutana na nafasi inapanuka ghafla, linarudi likiwa limegeuka. Lilienda likisukuma, sasa linavuta. Likifika kwa valvu kabla ifunge, linafyonza moshi wa mwisho na kusaidia hewa freshi kuingia. Likichelewa, umebeba tu chuma kizito.

So urefu wa bomba ni saa. Bomba ndefu inakupatia nguvu injini ikiwa chini, fupi inakupatia huko juu. Hata kuunganisha kuna maana. Injini ya silinda nne kwa laini moja inalipuka 1-3-4-2, so fundi anaunga 1 na 4, anaunga 2 na 3, alafu hizo mbili zinakuwa moja. Hiyo ni nne-mbili-moja, na nguvu yake iko katikati. Nne-moja, zote zikiingia kolekta moja kwa mpigo, inaleta raha ukikanyaga mpaka mwisho. Lakini wewe, na foleni ya Mombasa Road na matuta ya estate, mwisho unaufikia wapi? Chukua nne-mbili-moja uende zako.

Kwa fundi

Grogan, ile jina ya zamani ya Kirinyaga Road iliyokataa kutoka mdomoni, ndiko wasee wanaanzia kusaka vipuri. Lakini wera ya heda ya mkono utaipata zaidi kwa vichochoro vya Kariobangi Light na Industrial Area, pale jua kali ilikuwa chuo kabla ya mtu kuiita chuo.

Kuna fundi mmoja huko napendanga kumcheki akifanya. Siku moja kijana aliingiza Forester, akashuka na miwani usoni, akasema, "Fundi, nataka ibweke."

Mzee hakuinua kichwa. "Kijana wangu, ukitaka kubweka nunua mbwa. Mimi naunda gari."

Kijana alicheka, lakini aliacha gari.

Kwanza ni flanji, ile bamba inafungwa kwa kichwa cha injini. Fundi anachukua gasketi ya zamani, anaiweka juu ya bamba ya chuma ya milimita 10, anachora. Gasketi ndio ramani. Anatoboa, anakata, anapiga faili mpaka shimo la flanji litoshane na shimo la kichwa, juu ukiacha kangazi hapo moshi unajigonga kabla hata safari haijaanza.

Alafu flanji inafungwa bolti kwa kichwa cha injini mbovu kilicho kwa meza. Moto wa kuchomelea unavuta chuma, na flanji iliyojipinda itavujisha moshi mpaka uchoke kubadilisha gasketi.

Sasa bomba. Wazee wa kitambo walikuwa wanajaza bomba mchanga mkavu, wanaziba pande zote mbili, wanachoma mpaka iwe nyekundu, wanaikunja pole pole. Mchanga unazuia bomba isibonyee kwa kona. Siku hizi unanunua kona zimekunjwa tayari kwa mashine, na ujanja uko kwa kukata. Fundi anakata kipande, anakishikilia kwa nafasi yake, anazungusha kidogo, anatoa, anagusa na grainda, anarudisha. Akiridhika anakishika na nukta tatu za moto tu. Hachomelei yote, juu anajua atabomoa tena. Kila bomba lazima ihepe sampu, ihepe raki ya stelingi, na iache spana ifike kwa kila bolti. Hii ya mwisho inachekesha mpaka siku unataka kufungua heda na unapata bolti moja imefichwa nyuma ya bomba milele.

Urefu anapima na waya laini, anaupitisha katikati ya mgongo wa bomba na kila kona yake, anaukata, anaunyoosha kando ya ile ingine. Bomba ikiwa fupi inaongezewa kona, inazungushwa, inarudi. Ndio maana heda ya urefu sawa inakaanga kama nyoka wamelala pamoja. Huo msokoto wote ni njia ya kupoteza sentimita bila kutoka kwa nafasi ya injini.

Kabla ya moto wa mwisho anainua maungio kwa jua. Mwangaza ukipita kati ya vipande viwili, havijakutana, na vinarudi kwa grainda. Huo moto ni wa TIG: ncha ya tungsteni mkono mmoja, waya wa kujazia mkono ule mwingine, gesi ya argoni ikifunika. Na kwa stenlesi, fundi wa ukweli anaziba ncha za bomba na foili na kupitisha argoni ndani pia. Asipofanya hivyo, nje itang'aa lakini ndani pataota magamba meusi. Hayo magamba yanaharibu njia ya moshi, na yakitoka yanaenda moja kwa moja kwa tabo.

Soma rangi ya mshono. Dhahabu hafifu ni poa sana, samawati inapita, kijivu kilichokauka kinamaanisha moto ulizidi ama gesi ilikuwa kidogo.

Inapasuka wapi

Heda ya gari ya tabo inaweza kubeba moshi wa digrii 800 na zaidi ukikanyaga. Stenlesi ya nusu mita ikipanda digrii 600 inarefuka karibu milimita 5. Bomba nne zinarefuka na kurudi kila safari, zimefungwa huku na huku, na tabo inaning'inia kwa mwisho. Ndio maana heda haipasukangi katikati ya bomba. Inapasuka kando ya mshono, pale chuma kilichoka. Dawa ni tabo ipewe braketi yake isibebwe na heda, na pale inawezekana, maungio ya kuteleza yashikwe na springi ndio chuma ipate pa kwenda.

Stenlesi ya 304 ndio ya watu wengi. 321 inavumilia moto zaidi na bei inajua hivyo. Chuma ya kawaida inafanya pia, ila kutu inaikula, hasa ukiifunga ile tepe ya kuzuia joto alafu mvua iingie chini yake.

Lakini kuna bomba moja usikubali hata ya bure: ya maji, ile imepakwa zinki. Ukiichomelea inatoa moshi mweupe, na fundi analala na homa usiku. Mtu wa mkono akikuletea hiyo, mwambie zii, kwa ajili yake kabla ya gari yako.

Kabla utoe doo

Uliza fundi swali moja: "Utaunga silinda gani na gani?" Akikujibu na namba, keti. Akikujibu "usijali, italia fiti," kunywa soda yako uende.

Cheki sensa ya oksijeni imewekewa kiti chake mahali pazuri. Bajeti mapu mpya ya kompyuta ya gari pia, juu injini ikianza kupumua vingine na mafuta yakibaki ya zamani, pistoni ndio italipa.

Na usitoe mafla ukafikiri umeongeza farasi. Sheria ya kelele ya NEMA iko tangu 2009, na karao hahitaji kifaa kukuskia ukipita saa saba usiku. Heda nzuri inafanya kazi hata nyuma ikiwa kimya. Nguvu ilishapatikana huko mbele, na kelele inayobaki ni chenji.

Nani alichomelea?

Nchi hii inapenda madereva. Wasee bado wanakumbuka Patrick Njiru akimaliza namba nne Safari Rally ya 1994 na Impreza, na Colin McRae akishinda 1997. Tangu WRC irudi Naivasha 2021, vumbi ya huko imekuwa sikukuu. Lakini nitajie jina la mtu mmoja alichomelea bomba chini ya hizo gari. Hauna. Mimi pia sina.

Hiyo tabia imeshuka mpaka mtaani. Msee anatoa doo ya rimu bila kuuliza mara mbili, anabandika stika ya kampuni ya ng'ambo yenye haijawahi gusa gari yake, alafu akifika Kariobangi anaanza, "Fundi, punguza kidogo." Apunguze nini? Aache kuziba bomba na argoni? Apime urefu na macho? Kila thao unamkata inatoka kwa kitu hautaiona mpaka ipasuke ukiwa Mai Mahiu.

Lipa bei yenye mmekubaliana. Alafu siku uko base na mbogi imeinua boneti, wanapiga picha, mtu akiuliza "hii ndai imefanyiwa nini?", usianze na rimu. Anza na jina la fundi, na useme karakana yake iko wapi.