Mwembamba Mwenye Kisukari Ale Nini?

Akina mama wengi wakisikia neno kisukari humwona mtu mnene, mwenye gari, anayekula chipsi na kuku kila jioni. Kwa hiyo mwembamba anapopimwa na kuambiwa sukari imepanda, nyumba nzima hushangaa. "Na wembamba huu?" Swali hilo tumelisikia mara nyingi hapa Mikese, na aghalabu anayeuliza ni mama wa jembe ambaye hajawahi kufika kilo 50.

Ugonjwa huu haukuwa mwingi vijijini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulikuta wenye kisukari hawafiki mmoja kati ya watu 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu 9 kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizo hazilingani moja kwa moja, maana ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, lakini sisi tunaopima watu tunaona mabadiliko kwa macho.

Sukari ya damu huingizwa mwilini kwa msaada wa insulini inayotengenezwa na kongosho. Kwa mtu mnene mara nyingi insulini ipo, ila mwili hauitii. Kwa mwembamba mara nyingi insulini yenyewe ndiyo haba. Wako pia wale waliokosa chakula cha kutosha tangu utotoni. Kisukari cha namna hiyo kilielezwa huko Jamaika mwaka 1955, Shirika la Afya Duniani likakiweka katika orodha yake mwaka 1985, likakiondoa mwaka 1999. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limekitambua tena kwa jina la aina ya tano.

Sasa tuje jikoni, maana huko ndiko watu wanakoumia. Shauri linalotolewa kila kona ni moja: punguza kula. Kwa mwenye kilo 95 ni shauri jema. Kwa mwenye kilo 46 ni hatari. Tunamfahamu mama mmoja aliyeambiwa na majirani aache ugali, wali, ndizi na matunda yote, akabaki na mchicha na chai ya rangi. Baada ya miezi miwili alikuwa na kilo 41, na sukari yake bado ilikuwa juu! Mwili uliokosa insulini huyeyusha nyama na mafuta yake wenyewe, na ini nalo huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata kama sufuria ni tupu.

Mama mwenye kimo cha sentimita 160 akiwa chini ya kilo 47 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Huyo asipunguze chakula. Abadili aina yake na mpango wake. Ugali uwe wa dona, ukubwa wa ngumi moja au mbili kwa mlo, na usikae peke yake kwenye sahani. Nguvu anayoipoteza kwa kupunguza ugali airudishe kwa vyakula visivyopandisha sukari kwa haraka: mbaazi, kunde, choroko, dagaa, mayai, parachichi, kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Aanze na mboga na maharage, ugali ufuate. Uji wa asubuhi uchanganywe na karanga zilizosagwa, bila sukari. Karanga kiganja kimoja saa nne na kingine kabla ya kulala humwongezea uzito bila kelele.

Ndizi na magimbi yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru si sumu, wala mihogo. Wengine husema mihogo ndiyo inayoleta kisukari. Dakta Andrew Swai na wenzake walilichunguza jambo hilo katika kijiji cha Nyambori, mkoani Mara, ambako mihogo ndiyo chakula kikuu, na mwaka 1992 wakaandika kwamba haisababishi ugonjwa huu. Lakini ni wanga kama ugali, kwa hiyo mwenye kula muhogo asile na ugali juu yake. Embe ale nusu, tena alitafune, juisi aiache. Soda moja ina sukari kama vijiko vya chai vinane au tisa, na kwa kweli tunaona haya tukikumbuka makreti tunayoyafungua kwenye mikutano yetu ya akina mama.

Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Mwembamba anayepungua huku akikojoa sana na kuwa na kiu huenda anahitaji insulini, na akianza kutapika au kuhema kwa nguvu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Apimwe kifua kikuu pia, kwa sababu kisukari humwongezea mtu hatari ya kuugua ugonjwa huo mara mbili hadi tatu.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asiruke mlo. Akitetemeka, akitokwa jasho la baridi au akianza kusema ovyo, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Ndiyo sababu tunawaomba viongozi wa vikundi wasimsukume mgonjwa wa namna hii kufunga siku tatu pamoja na wengine. Kabla ya wiki ya maombi aende kliniki na dawa zake mkononi, aulize. Akikatazwa, apangiwe zamu ya kuomba, na sahani yake ya mbaazi ifunikwe imngoje.