Fahamu: Mafuta katika chakula cha samaki wa kufugwa

Mafuta humpa samaki nguvu na husafirisha vitamini A, D, E na K mwilini mwake. Kwa mwenye bwawa la tilapia Gataka au Kitengela, Kajiado, suala ni aina na kiasi.

Aina gani?

Mafuta ya samaki yana omega-3 kwa wingi. Ya alizeti na mahindi yana omega-6 zaidi. Tilapia hustawi kwa mafuta ya mimea, kwa kuwa huhitaji hasa omega-6. Hiyo ni nafuu kubwa nchini Kenya, ambako omena, samaki wadogo, huliwa na watu na pia hutumika katika chakula cha samaki. Lakini nyama hufuata lishe: tilapia wa mafuta ya mimea pekee humpa mlaji omega-3 kidogo.

Yakizidi je?

Yakiwa ya kiasi, samaki huchoma mafuta na kuibakiza protini, ambayo ni ghali, ijenge mwili. Yakizidi hurundikana. Ukimpasua samaki huyo utakuta utumbo umezungukwa na mafuta meupe, na ini limevimba na kupauka. Maji yakipoa, kama katika msimu wa baridi Kajiado, tilapia hula kidogo, hivyo kumwongezea chakula ni hasara.

Yaliyochacha

Hapa ndipo pa kuangaliwa zaidi. Chakula kilichowekwa stoo yenye joto, chini ya mabati, huchacha upesi. Mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E na kudhuru ini. Gunia likinuka uvundo, lisifike bwawani.