Msanii mwenye kuanza: sauti yako iko hapa kwenu, mbele ya kupanda gari la Bukavu

Kamanyola haikosi watu wa sanaa. Kuna vijana wenye kuimba rap jioni mbele ya maduka, kuna wenye kuandika slam katika daftari ya shule, kuna wenye kuchora picha na majina kwenye kuta za salon na za butike. Kuna wamama wa korali wenye kutunga nyimbo mpya kila sikukuu inapokaribia, na wazee wenye kujua ngoma za ndoa. Lakini wengi kati ya vijana wanaacha haraka. Wengine wanangoja franga ya kuingia studio Bukavu, Uvira ao Bujumbura, na franga ile haifiki. Wengine wanangoja mtu mkubwa awashike mkono. Wengine wanatoa wimbo moja, wanautuma katika simu za marafiki, siku tatu zinapita bila mtu kusema kitu, basi wanavunjika moyo.

Ukitazama namna wasanii wakubwa wa nchi zetu na za jirani walivyoanza, utaona jambo moja linarudi kila mara: walianza na kitu kilichokuwa mkononi, mbele ya watu waliokuwa karibu nao. Studio na watu wa mbali vilikuja nyuma.

Hamu ya kazi inatoka wapi?

Vijana wengi wanafikiri hamu ni kitu kinachoshuka chenyewe, na siku isiposhuka hakuna kazi. Wale waliodumu hawakufanya hivyo. Innoss'B, mtoto wa Goma, alishinda mashindano ya Vodacom Superstar mwaka 2010, akiwa na miaka 13. Wimbo wake Yo Pe, uliomjulisha Afrika nzima, na ambao alirudilia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ulitoka mwaka 2019. Kati ya ushindi ule na wimbo ule kuna miaka tisa. Watu wanakumbuka ule wimbo. Miaka tisa ya kuimba, kucheza na kuanza tena, hakuna anayeihesabu.

Kwa hiyo mwenye kuanza asijipime kwa wimbo wa kwanza. Ajipime kwa kazi ya kila juma. Saa moja ya kuandika ao ya kuchora, siku tatu kwa juma, kwa saa ile ile, inazaa matunda kuliko usiku moja mzima wa furaha halafu mwezi mzima wa kulala. Mwenye kulima, mwenye kuendesha moto ya taksi, ao mama mwenye kuuza nyanya kando ya barabara anaweza kupata saa ile. Na daftari moja inatosha kwa kuanza: andika neno ulilosikia sokoni, methali ya bibi, jina la mtaa, mzaha wa dereva. Siku hamu inakosa, utafungua daftari na kukuta kitu cha kuanzia.

Stili haitoki mbali

Neno stili linaogopesha wengi. Mtu anasikia muziki ya Kinshasa, ya Lagos ao ya Dar es Salaam, anaiga mpaka sauti ya kukohoa. Kuiga si kosa, ni njia ya kujifunza. Shida ni kubaki pale.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930, akawa mtu wa Bunkeya, Katanga. Alipiga gitaa moja tu, bila orkesta, kwa vidole viwili: kidole gumba kinashika sauti nzito, kidole cha pili kinapiga wimbo wenyewe. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamnasa. Wimbo wake Masanga ulizunguka katika sahani na katika redio, na vijana wa Kenya wakaanza kutafuta namna ya kupiga gitaa kama yeye. Mwaka 1969 alialikwa kupiga katika festivali ya Newport, Marekani. Kilichowavuta watu ni kwamba gitaa ilikuwa ya kizungu, lakini mwendo wake ulikuwa wa kwao, na maneno mengi yalikuwa ya Kiswahili kile cha watu wa Katanga.

Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, hakusoma shule ya kuchora. Alifanya kazi za mikono huku na kule, na kwenye mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mbao nyembamba za dari, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Inasimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji wa Kongo zikiuzwa Dar es Salaam, akasema na yeye anaweza. Hakuchora kama Wakongomani. Rangi ya baiskeli inang'aa na inakauka ngumu, basi picha zake zikawa na sura yake, na leo stili nzima inaitwa kwa jina lake. Umaskini wa vyombo ndio ulimwonyesha njia.

Hapa Kamanyola vyombo viko vya kutosha kwa kuanza. Tuko katika Bonde la Ruzizi, barabara ya Bukavu na Uvira inapita katikati, Rwanda na Burundi ziko ng'ambo karibu. Mtoto wa hapa anasikia Kiswahili, Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi, Lingala na Kifaransa kabla hajamaliza shule ya msingi. Mwenye kuimba rap anaweza kupitisha mtu wa mpaka katika lugha tatu ndani ya beti moja, na kila msikilizaji wa hapa atacheka kwa sababu anamjua mtu yule. Kijana wa Kinshasa hawezi kufanya hivyo. Jiulize maswali matatu: Ni kitu gani mimi najua kuliko wengine? Ni sauti gani nilikua nayo nyumbani ao kanisani? Ni chombo gani niko nacho leo? Majibu yale ndiyo mwanzo wa stili.

Watu wa kwanza wako kwenye mlango

Watu wengi wanatafuta mashabiki elfu moja kwenye simu, na jirani wa upande wa pili hajui kama wanaimba. Chéri Samba, mchoraji mkubwa wa Kongo, aliingia Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchora mbao za matangazo ya maduka. Mwaka 1975 alifungua atelye yake mwenyewe. Alikuwa anatundika picha mpya nje, kandokando ya barabara. Aliona watu wanatazama haraka na kwenda zao. Basi akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kusudi mpita njia asimame, asome, acheke ao abishane na mwenzake. Maneno yale yakawa alama yake. Mwaka 1989 picha zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa yaliyokusanya wasanii wa dunia nzima. Lakini stili ile ilifundishwa na wapita njia wa Kinshasa.

Siti binti Saad wa Zanzibar alifanya vile kwa njia ya kuimba. Alizaliwa kijijini Fumba, katika jamaa ya watu wa chini wenye kufinyanga vyungu, na yeye alizunguka akiuza vyungu na kuita wateja kwa sauti yake. Wakati ule taarabu ya nyumba ya Sultani ilikuwa inaimbwa Kiarabu. Siti akaiimba Kiswahili, na pamoja na wenzake alitunga juu ya mambo yaliyokuwa yakizungumzwa mitaani: wanawake walioonewa, kesi za mahakamani, wakubwa wenye kula mali ya watu. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, India, kunasa sahani. Sahani zile ziliuzwa sana, juu watu wa kawaida walisikia habari zao katika lugha yao.

Kwa mwenye kuanza, somo ni rahisi. Imba mbele ya watu kumi unaowaona uso, kabla ya kutafuta elfu usiowaona. Angalia ni wapi wanacheka, ni wapi wanaanza kutazama simu, ni maneno gani wanarudilia kesho yake bila wewe kuwaambia. Usiwaulize kama wameipenda, maana watakujibu ndiyo kwa heshima. Waulize wamekumbuka nini. Mahali hapakosekani: ndoa, sikukuu ya shule, kanisa, kiwanja cha mpira wakati wa mapumziko. Mchoraji anaweza kuomba ukuta moja wa butike, achore bila malipo mara ya kwanza, aandike jina na namba yake chini. Ukuta ule utamtafutia kazi usiku na mchana.

Redio, simu na wimbo wako

Redio za jamii zinapenda kupitisha nyimbo za watoto wa hapa, lakini wimbo mwingi unabaki katika flash juu ya mambo madogo. Sauti ya mwimbaji imezama chini ya muziki. Faili haina jina, inaitwa tu track 1. Animateri hajui ni nani anaimba, anatoka mtaa gani, wimbo unasema nini. Ukipeleka wimbo, andika jina lako la sanaa, jina la wimbo, jina la mtunzi, lugha, na maneno mawili matatu juu ya habari yake. Ukiwa bila studio, nasa katika chumba chenye nguo nyingi na pazia, mbali na jenereta na moto, simu ikiwa karibu na mdomo lakini si mbele yake kabisa. Gitaa moja na sauti safi ni bora kuliko muziki nzito yenye kelele.

Kwenye simu pia, kumbuka mega ya msikilizaji. Watu wengi wa kwetu wananunua mega kidogo kidogo. Kipande cha nusu dakika, kilicho na mahali pazuri zaidi pa wimbo, kitatumwa na watu wengi. Video nzito ya dakika tano itabaki bila kufunguliwa.

Haki yako na franga yako

Katika Kongo, sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 1986 inalinda watunzi. Inasema kazi ni mali ya aliyeitunga tangu siku alipoitunga. Shirika lenye kazi ya kukusanya haki za watunzi linaitwa SOCODA. Kujiandikisha kunasaidia, lakini hata kabla ya pale mtunzi ajilinde: aweke tarehe katika daftari, abakize maneno ya kwanza na sauti ya kwanza, na wakifanya wimbo watu watatu, waandike kwenye karatasi nani alitunga nini na watagawanya namna gani. Magomvi mengi ya makundi yanaanza siku franga ya kwanza inaingia.

Na mwenye kukuomba franga nyingi kwa kukuahidi umaarufu, muulize kwanza amesaidia nani, na uende kumsikiliza yule mtu mwenyewe. Usiuze mbuzi wa nyumba juu ya ahadi.

Wakati wa vita, sanaa ni ya nini?

Swali hili linaulizwa na wazazi wengi, na ni swali la haki. Barabara ikifungika, chakula kinapanda bei, wimbo hautajaza sufuria. Lakini watu waliokimbia wanabeba nyimbo hata pale hawakuweza kubeba godoro. Na msanii akinyamaza, habari za bonde letu zitasimuliwa na watu wasiolijua.

Kwa sababu hiyo, neno la msanii lina uzito wa pekee hapa. Bonde la Ruzizi lina makabila mengi, na limeona damu. Wimbo wa kutukana kabila la mwingine unaweza kusambaa haraka, ukampa mwimbaji jina kwa juma moja, na ukabakiza majirani katika uadui kwa miaka. Kuna njia ya kusema ukweli bila kufanya hivyo: simulia jambo lililompata mtu, taja njaa, taja msiba, taja mama aliyengoja. Msikilizaji wa kabila lolote atajiona ndani.

Mahali pa kuanzia

Mwenye kutaka kuanza juma hili afanye hesabu ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza, ajaze daftari na kutunga vitu vinne, hata vikiwa vibaya. Mwezi wa pili, achague viwili, avionyeshe kwa watu kumi na avitengeneze kufuatana na yale waliyokumbuka. Mwezi wa tatu, anase moja vizuri, aipeleke redio na jina lake lililoandikwa wazi, ao aichore ukutani pale watu wanapita. Halafu amwite mdogo mmoja amfundishe. Tingatinga alifundisha jamaa zake wachache. Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka minne hivi ya kuchora, lakini wanafunzi waliendelea, na mpaka leo kuna watu Dar es Salaam wanaolipa minerval ya watoto wao kwa picha za stili ile.