Baraza la hadithi mjini nalo ni fasihi simulizi

UKIMWAMBIA jirani kwamba kila mwezi wewe huenda saluni kusikiliza hadithi, atakutazama nywele kwanza. Kwa Mkenya, saluni ni mahali pa kusukwa. Kumbe asili yake, neno la Kifaransa ‘salon’, lilimaanisha sebule kubwa. Katika Paris ya karne ya 17 na 18, likawa kikao cha nyumbani ambapo waandishi na wasanii walisomeana kazi zao na kujadiliana.

Je, sisi tukiite nini kikao kama hicho? Wapo wasemao ‘jukwaa’, ila jukwaa humwinua msanii na kumsahau msikilizaji. Napendekeza ‘baraza’. Kule Lamu na Mombasa, baraza ni kiti cha mawe mbele ya nyumba, watu wanapoketi jioni kupiga soga. Tatizo ni kwamba serikali imelidaka neno hili. Ukitaja baraza, mtu anangoja hotuba ya chifu!

Nairobi imewahi kuwa na baraza la aina hii. Jarida la Kwani? lilianza kuchapishwa mnamo 2003, Binyavanga Wainaina akiwa mhariri mwanzilishi. Baadaye likazaa jioni ya maikrofoni huria, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Huyu alipanda na shairi, yule na kisa, mwingine na wimbo. Hata jina lenyewe, ‘kwani’, ni swali la mtaani linalomdai msikilizaji jibu.

Hiyo ni fasihi simulizi? Wanafunzi wengi hudhani sharti pawe na bibi, moto na “Paukwa! Pakawa!” La hasha. Nguzo zake ni fanani, hadhira na utendaji, na mjini zote zipo. Fanani akiona watu hawacheki, anageuza kisa papo hapo. Hadhira nayo humkatiza, ikamjibu, ikamzomea.

Vipi basi kuhusu vioja vya muziki? Mtazame mpiga nyatiti wa Kijaluo. Vidole vyake vi kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ala, njuga zinalia, naye anaimba kisa. Ghafla msikilizaji anausimamisha muziki ili ajigambe. Majigambo hayo huitwa pakruok. Angetokea leo ukumbini, tungesema kabuni mtindo mpya.

Tukizidi kufunza kwamba fasihi simulizi ilizikwa na bibi, mwanafunzi atakariri sifa za ngano, apate alama zake, kisha jioni ampite fanani njiani asimtambue. Mwalimu, wapeleke wanafunzi barazani japo mara moja kwa muhula. Wakirudi, waulize: nani alikuwa fanani, na hadhira ilibadilisha nini katika kisa chake?