Sumbawanga hakuna uchawi, panda Itwelele ujionee

OKTOBA 22, 2020, Simba ikiwa bingwa mtetezi iliingia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, ikatoka kichwa chini. Tanzania Prisons 1, Simba 0, bao la Samson Mbangula. Desemba 31 ya mwaka huohuo ikawa zamu ya Yanga, nayo ikaambulia sare ya 1-1.

Vijiweni maelezo huwa mepesi: Sumbawanga ile bwana, ulitegemea nini?

Mwenye hoja hiyo ana dawa moja tu. Siku timu yake ikipangwa tena huko, asiishie stendi, gesti na uwanjani. Atenge siku nzima apande Mlima Itwelele, upande wa Milanzi, jirani na mji.

HEWA NDIYO MCHEZAJI WA 12

Safari inaanza asubuhi, na koti ni lazima, maana baridi ya Ufipa mwezi Juni na Julai haina utani. Kwanza unapita mashambani, kwenye matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyajenga kwa kufukia majani chini ya udongo yaoze yawe mbolea. Hapo bado unapiga stori na wenzako.

Ukifika kwenye mawe, stori zinakwisha. Miguu inataka kwenda, kifua kinakataa. Kijana anayecheza ndondo kila Jumapili kule Temeke anajikuta ameketi juu ya jiwe, mikono magotini, kama beki aliyepelekwa mbio dakika 90.

Hajarogwa. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ufukweni Dar es Salaam. Mpira nao hukimbia zaidi, kwa sababu hewa nyepesi haiuzuii sana. Sasa kumbuka Prisons ni timu ya Mbeya, mji ulio kwenye kimo kinachokaribiana na hicho. Wao walikuwa wamezoea, mgeni wa pwani ndiye aliyehema.

Hewa peke yake haifungi bao, na Prisons walicheza mpira. Lakini ukitafuta kilichomaliza pumzi za mgeni, anza na mapafu kabla ya hirizi.

MFALME ALIYEPOTEZA NAMBA

Itwelele si rundo la mawe tu. Ni mlima wa heshima, umefungamana na Milanzi, kiti cha ufalme wa kale wa Wafipa. Masimulizi yanasema mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni.

Siku moja mfalme wa Milanzi alikwenda kuwinda. Nyuma wakafika wanawake wageni, Watwaki, na mke wa mfalme akawapa kigoda cha mumewe wakalie. Mwenye kigoda aliporudi, namba yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Hakupigana. Wageni wakashika utawala, yeye akabaki na Milanzi pamoja na mamlaka ya mila. Ni kama nahodha mkongwe aliyevua kitambaa, lakini chumbani neno lake bado linasikilizwa.

Kwa hiyo mgeni hapandi kiholela. Anapita kwanza kijijini, anapiga hodi kwa wazee, anapewa mtu wa kumwongoza na kuambiwa pa kukanyaga na pa kuacha. Wafipa wengi leo ni Wakatoliki, ila heshima ya mahali haikufutwa na ubatizo.

MILA SI UCHAWI

Hapo ndipo utani wa vijiweni unapokosea. Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo: tupa uchawi. Mji unaokuambia uuache nje ndio unaoitwa wa wachawi! Na neno hilo si jepesi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizohizo, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni.

Japani, kileleni mwa Mlima Fuji wenye mita 3,776, kuna hekalu la Kishinto, na kila kiangazi maelfu hupanda. Hakuna anayewaita wachawi. Mashabiki wa nchi hiyo ndio walioonekana wakiokota taka majukwaani kwenye Kombe la Dunia Qatar mwaka 2022. Chupa yako ya maji nayo ishuke na wewe kutoka Itwelele.

Kutoka juu unauona mji na uwanda mpana wa Ufipa. Kwingine kuna safu ya Mbizi, na nyuma yake ardhi inaporomoka hadi Bonde la Ziwa Rukwa. Anza kushuka mapema, jua lisikukute kwenye mawe.

Kesho yake jukwaani, dakika ya 70, winga wako akianza kushika kiuno, utajua anachokisikia. Mwombee pumzi, na bibi wa Sumbawanga umwache apumzike.