Nani Atakuambia Ukweli Juu ya Plani Yako?



Wengi kati yetu wanachora plani za nyumba. Mumoja anachora katika kayee ya hesabu, mwingine ametumwa na baba yake kabisa, sababu matofali yamekwisha kuchomwa na mutoto ndiye anajua kupima na rula. Kuchora si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kupata mutu wa kukuambia: hapa haifai.

Ukionyesha karatasi na kuuliza, "Munaonaje?", watajibu, "Iko muzuri", kisha kila mutu anaenda zake. Si kwamba ni wabaya. Wengine wanaheshimu baba yako, wengine hawajui kusoma ile mistari, wengine wanaogopa usiseme wana wivu. Lakini mustari unafutwa na gomu. Ukuta unafutwa na nyundo, na feza ya miaka mbili inakwenda nayo.

Kwanza plani yenyewe iseme kweli. Kwa kipimo cha 1/50, metre 1 inakuwa santimetre 2 kwenye karatasi. Kama miraba ya kayee yako ni ya milimetre 5, muraba mumoja ni santimetre 25 za nyumba. Kosa linaloonekana sana ni kuchora ukuta kwa mustari mumoja wa kalamu. Angalia: nyumba ya metre 8 kwa urefu, vyumba vitatu vikifuatana. Unafikiri kila chumba kina metre 2 na santimetre 66. Lakini kuta ziko ine, kila moja santimetre 20, ni santimetre 80 zimekwisha kuliwa. Inabaki metre 2 na 40 kwa chumba, na kupiga simenti kutakula tena kidogo. Weka kitanda cha metre 1 na 90 kikielekea upande ule: inabaki nusu metre. Mulango wa santimetre 80 unaofunguka ndani karibu na kitanda utakigonga. Chora ukuta na unene wake, chora kitanda, meza, na namna mulango unafunguka.

Sasa uulize, lakini usiulize kama ni muzuri. Uliza mutu juu ya kazi yake mwenyewe. Mama umuulize: "Mama, ukitoka kwenye maji na beseni kichwani, utapita wapi mpaka jikoni?" Mama muzee umuulize: "Usiku ukitaka kwenda choo cha inje, utapita wapi?" Akijibu kwamba atapita saloni, pale wageni wamelala, plani imekwisha kuhukumiwa na hakuna aliyekutukana. Fundi wa mbao umuulize juu ya mabati. Nyumba ya metre 6 kwa upana, paa lenye pande mbili, mwinuko wa degre 20, na nusu metre ya kukinga mvua: kila upande unaomba karibu metre 3 na 70. Bati la metre 3 halifiki. Lazima kuunga, na kipande kinakatwa bure. Ni afazali kujua mbele ya kwenda soko.

Wengine wanatumia hila: wanasema plani ni ya rafiki, ili watu wasione haya. Mimi siipendi. Chora mbili na uulize ipi inafaa na sababu gani. Mutu akichagua moja, atakuonyesha ubaya wa ingine bila kuogopa. Na akianza kusema, nyamaza, andika. Ukijitetea mara moja tu, hatasema tena.

Lakini hakuna kitu kinachofungua vinywa kama vijiti na kamba. Nenda kwenye kiwanja, piga vijiti, funga kamba kwa kipimo cha kweli, acha nafasi za milango, kisha ita jamaa waingie. Yule asiyejua karatasi anajua miguu yake. Utasikia: "Ee! Chumba hiki ni cha kuku?" Basi, umepata ukweli.

Mukiwa pale kiwanjani, uliza pia juu ya maneno yasiyoonekana katika plani. Nachukua Uvira, kati ya ziwa na mulima. Muchana upepo unatoka ziwani. Jiko likiwa upande wa ziwa, moshi utaingia saloni. Madirisha makubwa upande wa mangaribi yataleta joto saa ya mangaribi. Na maji! Katika mwezi wa ine 2020 muto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukabomoa nyumba nyingi. Wajirani wa zamani wanajua maji yalipita wapi na yalifika urefu gani. Jibu lao linaweza kusogeza nyumba nzima, na pengine baba hatafurahi. Waulize zaidi ya mumoja, kila mutu peke yake, sababu wakikaa pamoja wa pili atafuata tu wa kwanza.